Bedford ya jeshi na tairi za 14.00R20, kabla hujatoa hela

"Shikamoo fundi. Mi niko Muheza, nabeba machungwa, na msimu mwingine iliki na mdalasini kutoka juu Amani. Mwaka huu nimenunua Bedford MJ, ile ya jeshi la Waingereza, nimeipata kwa mtu aliyeitoa mnadani, injini haina shida. Inavaa tairi 12.00-20 za zamani za tyubu, rimu ni zile za ringi. Masika iliyopita nimekwama mara nne kati ya Kisiwani na Zigi, mara ya mwisho tumelala pale na nusu ya mzigo umeoza. Kuna jamaa Tanga mjini ana tairi nne za 14.00R20 na rimu zake, nazo za jeshi, mtumba lakini meno yapo kabisa. Anasema nikifunga hizo gari haikwami tena, inakuwa na nguvu zaidi na mafuta inakula kidogo kwa sababu tairi ikizunguka mara moja inaenda mbali. Hela niliyonayo inatosha mbili tu kwa sasa, nilitaka nianze na za nyuma halafu za mbele baadaye. Rimu haziingii vizuri kwenye stadi, zile boliti za gurudumu, ila anasema kuna spesa, vyuma vya kujazia kati ya rimu na gari, zinachongwa. Je, nifanye? Na spea tairi niiweke wapi, maana pale pake haitaenea?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mzigo. Ile barabara naijua, nimeshalala pale na gari za watu zaidi ya mara moja, ule udongo mwekundu mvua ikipiga nusu saa tu unakuwa kama sabuni iliyomwagiwa maji, hata mtu anayetembea kwa miguu anaanguka. Kwa hiyo shida yako naielewa na wala sikucheki.

Ila hilo swali lako lina maswali kama matano ndani yake, na jamaa wa tairi ameyajibu yote kwa neno moja, "funga". Mi nitayafungua moja moja, mengine nitayapita haraka na mengine nitakaa nayo, maana kuna mahali hapo ukikosea unapoteza hela na kuna mahali ukikosea unapoteza mtu.

Tuanze na kile unachonunua. Tairi ya 12.00-20 ina kimo cha kama milimita 1,120, na 14.00R20 inafika 1,250 hivi, inategemea kampuni na ilivyolika. Tofauti ni sentimita 13. Lakini difu haipandi sentimita 13, inapanda nusu yake, kwa sababu ekseli inakaa katikati ya tairi, kwa hiyo ulichopata chini ya difu ni sentimita sita na nusu. Hapo jamaa hakudanganya. Kwenye yale makorongo yanayochimbwa na Fuso, sentimita sita zinaweza kuwa ndo tofauti ya kupita na kukalia difu. Hayo mengine aliyokwambia ni nusu ukweli au kayageuza juu chini.

Hilo la nguvu kaligeuza kabisa. Tairi ndo gia ya mwisho ya gari, watu wengi hawaifikirii hivyo lakini ndo ilivyo. Injini inazungusha giaboksi, giaboksi propela, propela difu, difu ekseli, halafu ekseli inasukuma ardhi kupitia ule umbali wa kutoka katikati ya hub, yaani kitovu cha gurudumu, hadi chini kwenye udongo, na umbali huo ukirefuka nguvu ya kusukuma inapungua. Chukua baiskeli, Tanga hii nani hana baiskeli, ivishe gurudumu kubwa zaidi nyuma bila kugusa meno ya mnyororo. Kwenye tambarare ya Ngamiani utafurahi, ukikutana na kilima utashuka usukume. Bedford yako ni hivyo hivyo. Ukigawa 1,250 kwa 1,120 unapata kama 1.12, yaani kila gia uliyo nayo imerefuka kwa asilimia 11 au 12, na msukumo pale chini umepungua karibu sehemu moja ya kumi, na hiyo MJ ni injini ya lita 5.4 iliyotengenezwa ibebe tani nne taratibu, haikuwa na nguvu za kugawa sadaka tangu ikiwa mpya. Atakayeilipa tofauti hiyo ni klachi, kila unapoondoka kwenye kilima na mzigo.

Mafuta ni hesabu ile ile. Gari tupu, lami, Segera mpaka Tanga, injini itazunguka taratibu zaidi kidogo na labda utaona nafuu. Lakini wewe huendeshi gari tupu kwenye lami, wewe unapanda Amani na mzigo, na huko utajikuta uko gia moja chini ya ile uliyozoea, tena unazungusha tairi nzito zaidi, maana 14.00R20 moja bila rimu inapita kilo 100. Hiyo nafuu utaisikia tu kwa jamaa.

Halafu spidomita itaanza kukudanganya. Ikisema 50 wewe uko karibu 56, na tochi ya trafiki haisomi dashibodi yako.

Sasa breki, na hapa naomba usome taratibu. Ule umbali wa katikati mpaka chini ulioifanya injini iwe dhaifu ndo huo huo unaoifanya breki iwe dhaifu. Dramu ni ile ile, breki shuu ni zile zile, lakini tairi sasa ina mkono mrefu zaidi wa kushindana nazo, kwa hiyo kwa mguu ule ule mshiko wa gari unapungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Na ule mshiko wa injini ukiwa kwenye gia nao umepungua hivyo hivyo. Kupanda kutoka Zigi ukishindwa unasimama, unaweka jiwe, unashuka unavuta pumzi. Kushuka na mzigo wa iliki kwenye zile kona breki zikiwa zimeshapata moto hakuna jiwe la kuweka. Watu wa Mombo wanaoziona gari zinavyoshuka kutoka Lushoto hawahitaji kuelezwa hili. Mi nikiletewa gari ya kuongezewa tairi naanza na dramu kabla ya tairi, nazipima zimelika kiasi gani, na nikikuta zimeshachongwa mara mbili tatu mazungumzo ya tairi kubwa yanaishia hapo hapo.

Haya, tope, maana ndo lililokuleta.

Watu wanaamini tairi kubwa haizami kwa sababu ni kubwa. Kinachoamua gari izame au isizame ni uzito unaokalia kila sentimita ya udongo, na huo unaamuliwa zaidi na upepo ulioweka ndani kuliko ukubwa wa tairi. Fikiria gurudumu moja limebeba tani mbili. Kama upepo ni PSI 70, hiyo ni karibu kilo 4.9 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo ili kubeba kilo 2,000 tairi italala chini kama sentimita za mraba 400 na kidogo, zaidi ya hapo haina haja. Ukiweka tairi kubwa zaidi yenye upepo ule ule wa 70, italala chini karibu zile zile 400. Ndio, karibu zile zile! Umbo linabadilika kidogo, ugumu wa ukuta wa tairi unachangia kidogo, lakini eneo halibadiliki sana. Lakini ukishusha upepo mpaka 50, eneo linakwenda kwenye 570. Ukifika 30 linapita 900, zaidi ya mara mbili, na wala hujanunua kitu.

Kwa nini basi majeshi yanaweka tairi kubwa? Kwa sababu tairi kubwa ina tumbo kubwa la hewa, kwa hiyo inaweza kubeba uzito ule ule ikiwa na upepo mdogo bila kuchemka na kupasuka. Faida ya ukubwa inakuja kwa kupitia kushusha upepo. Mtu anayefunga 14.00R20 halafu anaijaza mpaka inalia kama ngoma kanunua kimo cha gari tu. Wanajeshi wanalijua hili siku nyingi, DUKW ya Wamarekani, lile lori la kuogelea la Vita ya Pili ya Dunia, dereva aliweza kupunguza na kuongeza upepo akiwa kitini, na ZIL-157 ya Warusi iliyoanza kutengenezwa 1958 nayo ilikuwa na mfumo wa namna hiyo. Wote walikuwa wanakimbia jambo moja na wewe, kulala njiani.

Na kuna jingine kuhusu ule udongo wetu. Mchanga wa pwani ya Pangani unataka tairi pana, ielee juu. Lakini udongo mwekundu wa Amani mara nyingi ni utelezi wa inchi chache tu juu ya chini ngumu, na hapo tairi nyembamba inakata inafika chini inashika, tairi pana inaelea kwenye utelezi na kukupeleka mtaroni bila haraka. Kwa hiyo huko kwenu mi naogopa upana kuliko ninavyoupenda. Minyororo ya tairi kwa zile kilometa chache mbaya inafanya kazi ambayo tairi hata liwe na meno ya mamba haliwezi, ni kazi kuifunga, utachafuka mpaka masikioni, lakini utafika.

Sasa usikimbilie kutoa upepo leo, kuna mtego hapo na mtego wenyewe ni zile rimu za ringi.

Rimu ya ringi ni vipande vinavyoshikana kwa sababu ya upepo tu. Tairi ikiwa imejaa ringi imebanwa kwenye mfereji wake, upepo ukipungua sana ringi inaweza kulegea na kusogea bila wewe kuona, kwa nje kila kitu kinaonekana sawa, halafu unapojaza tena inaruka. Kanuni ambayo wataalamu wa rimu hizi wanaifuata ni kwamba tairi ikishaendeshwa ikiwa na upepo wa asilimia 80 ya unaotakiwa au chini ya hapo, huijazi ikiwa kwenye gari. Unatoa upepo wote, unaishusha, unaifungua, unakagua ringi na mfereji, ndo unafunga upya na kujazia ndani ya kizimba cha chuma. Kwa upepo wako wa 70, asilimia 80 ni 56. Yaani kwa rimu ulizonazo ruhusa yako ya kucheza na upepo ni ndogo mno, na juu ya hapo una tairi za tyubu, ukishusha sana tairi inateleza kwenye rimu na kuvuta tyubu, valvu inang'oka shingo.

Nisikilize hapa kama kaka yako. Nikiwa bado kijana wa kubeba jeki kwenye gereji moja, fundi pancha aliyekuwa anaijua kazi kuliko sisi wote alijaza rimu ya ringi iliyoegeshwa ukutani, akaona ringi haijakaa akaigonga na nyundo huku upepo uko ndani. Ringi ilipita pembeni ya bega lake ikatoboa bati la paa. Hakuumia, alikaa chini akaomba maji, na siku ile hakuna aliyefanya kazi tena. Sentimita chache tu. Wengi wamekufa hivyo dunia nzima. Kwa hiyo, toa pini ya valvu na usubiri mpaka pasisikike hata mluzi kabla ya kugusa ringi, usigonge kitu chenye upepo, usichanganye ringi ya rimu hii na rimu ile hata kama "inaingia", na unapojaza tumia mpira mrefu wenye kishikio kinachojibana, wewe ukiwa umesimama upande wa kashata, yaani meno ya tairi, kamwe usikae mbele ya ringi. Fundi pancha wa barabarani atakucheka. Mwache acheke.

Na zile rimu za jamaa, uliza ni za namna gani. Kama ni za jeshi za 14.00R20 inawezekana kabisa ni zile za vipande viwili vilivyokazwa kwa boliti kuzunguka duara, ambazo ni nzuri sana kwa kushusha upepo kwa sababu zinabana tairi, haitelezi. Ila zina kifo cha aina yake: kuna nati za kufungia gurudumu kwenye hub na kuna nati za kushikanisha rimu, na mtu asiyejua akifungua hizi za pili tairi ikiwa na upepo, rimu inapasuka usoni kwake. Mara nyingi hizo hupakwa rangi nyekundu kuonya. Gari ikishapita kwa mafundi wawili watatu na kupigwa rangi ya fedha, onyo limekwisha.

Kuhusu kuanza na mbili za nyuma, jibu ni hapana. Siku umeweka fowili, yaani magurudumu yote manne yanasukuma, propela ya mbele na ya nyuma zimeshikanishwa zinazunguka sawa sawa. Tairi za nyuma zina mzunguko wa karibu mita 3.9, za mbele mita 3.5. Kila mzunguko mmoja nyuma inataka kwenda sentimita 40 zaidi ya mbele, na chuma hakinyooki, kwa hiyo ama tairi iteleze ama kitu kivunjike ndani ya transifa, lile boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Kwenye tope litateleza na utadhani mambo sawa, ukifika kwenye mwamba au lami na umesahau kuitoa, utasikia mlio mmoja tu. Malori ya Bedford yaliondoka mikononi mwa General Motors mwaka 1987, kwa hiyo transifa ya MJ hutaikuta imetundikwa dukani Barabara ya Kumi na Mbili. Ama nne zote, tano na spea, ama usifunge.

Spesa za kuchongwa ndo kabisa usiniletee. Gurudumu la lori halishikiliwi na nguvu za nati peke yake, linatakiwa likae sawa katikati, ama kwa koni za nati ama kwa mdomo wa hub, na rimu ya gari nyingine inaweza kuwa na koni tofauti au tundu la kati kubwa zaidi, unaikaza kwa bomba refu unaona imekaza, baada ya kilometa mia nati zimelegea. Spesa inaongeza sehemu ya pili ya kulegea, na inasogeza tairi nje, kwa hiyo beringi za hub zinabebeshwa uzito kwa mkono mrefu, na usukani unaanza kukupiga vidole kila ukikanyaga jiwe. Kutoboa matundu mapya kwenye rimu kati kati ya yale ya zamani ni baba yake spesa. Rimu ya 14.00R20 inatakiwa upana wa inchi 10 hivi, ya 12.00-20 kwa kawaida ni inchi 8.5, kwa hiyo hata wazo la kuvisha tairi kubwa kwenye rimu zako mwenyewe nalo halipo. Na hapo bado sijagusa kona: tairi ile ukikata usukani wote itaanza kula springi ama madigadi, utaambiwa uongeze boliti za kuzuia usukani, basi kona za Amani ambazo leo unazipiga mara moja utazipiga kwa kurudi rivasi nyuma yako kuna bonde.

Kabla sijakuambia ningefanya nini, kitu kimoja kuhusu mtumba wa jeshi. Tairi za jeshi zinazeeka zimesimama, meno mapya mpira umekufa. Angalia ubavuni baada ya herufi DOT, mwisho kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 0412 maana yake wiki ya 4 ya mwaka 2012. Ukikuta tarakimu tatu tu hiyo ilitengenezwa kabla ya 2000, mwachie jamaa afanyie bembea ya watoto. Ikunje kidogo kwa mguu uangalie kati ya meno na pale ubavu unapoanzia, mipasuko midogo midogo kama ya matope yaliyokauka ni dalili ya mpira kufa. Mi ya zaidi ya miaka kumi siiweki mbele hata ikipewa bure. Halafu kuna namba kama 164 na herufi pembeni, 164 maana yake tairi moja inabeba tani 5 kwa upepo wake kamili, na herufi G ni kwamba mwisho wake ni kilometa 90 kwa saa. Hizo zinatosha kazi yako, lakini hakikisha ndo zilizoandikwa, usisikilize tu.

Mi ningefanya hivi kama gari ingekuwa yangu. Ningebaki na kimo cha 12.00. Ningetafuta 12.00R20 redio (radial, hiyo R ndo maana yake), yenye meno ya tope, nne zinazofanana, mpya au za miaka michache, kwa sababu redio ubavu wake unakunjika bila kuchemka jinsi zinavyochemka hizo zako za zamani na ukishusha upepo kidogo inalala vizuri zaidi. Hiyo haigusi gia, breki wala usukani. Ringi na rimu ulizonazo zikaguliwe zote, ringi yenye kutu iliyochimba au iliyopinda itupwe, isipigwe nyundo ikanyooshwa. Pesa ikiruhusu baadaye ndo uulizie rimu zisizo na ringi zenye matundu sawa na hub yako. Kuna 13R22.5 ya tyublesi, isiyo na tyubu, ambayo kimo chake ni karibu sawa kabisa na 12.00R20 na inavaa rimu ya kipande kimoja, malori ya kokoto yanazitumia, uzuri wake umeondokana na ringi, ubaya wake ubavu ni mfupi kwa hiyo huwezi kushusha upepo sana, ikipungua mno inavuka mdomo wa rimu na kutoka. Au rimu za boliti za jeshi zilizotengenezwa kwa hub yako, hizo ndo zinakupa uhuru wa kweli wa kushusha upepo, lakini ni ghali na kuzipata ni bahati.

Ukishakuwa na rimu zinazoruhusu, upepo unafundishwa hivi: tope linaanza unasimama kabla ya kukwama, siyo baada, unashusha tairi zote sawa kwa geji siyo kwa kupiga teke, unakwenda pole pole chini ya 30 kwa saa, na ukitoka unajaza kabla hujakanyaga lami. Gari yako ina matenki ya upepo wa breki, fundi anaweza kukutolea mpira wa kujazia pale, ila usijaze huku unatembea na usubiri geji ya breki irudi juu kabla ya kuondoka. Kima cha chini kabisa kwa uzito wako kipo kwenye jedwali la kampuni ya tairi, usikichukue kwangu wala kwa mtu mwingine, na ili ulisome jedwali lazima ujue kila ekseli inabeba kiasi gani. Siku umepakia kawaida yako ukipita mizani ya TANROADS omba uzito wa ekseli ya mbele na ya nyuma uandike kwenye daftari. Bila hiyo namba wote tunabahatisha.

Kama baada ya yote haya bado unazitaka 14.00, sikufungi kamba, kuna watu wanazo na zinawatumikia. Ila iwe seti nzima na rimu sahihi bila spesa, dramu na breki shuu nzuri, mzigo upungue, na umjulishe mtu wa bima kwa maandishi kwamba gari imebadilishwa, maana siku ya ajali ndo watakapoanza kupima tairi. Na kabla ya hapo gari ilale kwa fundi wa hevi anayeweza kuinyanyua mbele na kukuonyesha kwa macho yako: kingipini zina mchezo au hazina, beringi za hub, tairodi, nyufa kuzunguka matundu ya rimu. Usikubali kuambiwa kwa simu. Na hata ukibaki na tairi za kawaida, ukiona hub moja ina moto kuliko zingine baada ya safari, au usukani unatikisika ukifika 50, au nati zinalegea zenyewe mara ya pili, simamisha gari hiyo hiyo siku, usiimalizie wiki.

Spea tairi. Ya 14.00 na rimu yake inaweza kupita kilo 150, wewe na taniboi wako hamuinyanyui kwenye utelezi, ungehitaji winchi ndogo ya mkono na mahali pa kuifunga juu ya bodi, na hapo uzito umepanda juu kwenye gari ambayo umeshaipandisha. Ukibaki na 12.00 inabaki pale pale pake. Ila ishushe wiki hii uipime upepo, na nati ya kuishikilia uipake grisi, chumvi ya huku kwetu inagandisha nati vibaya sana, utakuja kuihitaji usiku kule Zigi mvua inanyesha halafu spana inazunguka nati haizunguki.